Kabla Hujalipia Kozi ya Kompyuta, Soma Hii

Matokeo ya KCSE yakishatoka, nguzo za stima kutoka steji ya Ayany hadi Olympic hujaa makaratasi. Soma kompyuta kwa miezi mitatu. Utapewa cheti. Kazi ni uhakika. Chini kabisa kuna namba ya simu ya kutumia karo, na mara nyingi ni namba ya mtu binafsi. Sisi tunaoshughulika na malipo ya simu kila siku, jicho letu huenda moja kwa moja kwa ile namba, kwa sababu tunajua pesa inayopita hapo ni ya nani. Ni ya mama anayeuza mitumba Toi Market, ya kaka anayeendesha boda, ya chama kilichomchangia mtoto wa mmoja wao. Miezi mitatu baadaye kijana anarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri, na bado hajui kwa nini waifai ya jirani hukatika kila usiku.

Maoni yetu ni haya, na wenye vyuo vya ghorofani huenda wasiyapende. Kijana wa mtaa kama huu anayetaka kuingia kazi za IT asipeleke pesa yake ya kwanza kwa cheti. Aipeleke kwa vitu vya kushika, na muda wake aupeleke kwa mtu mwenye shida ya kweli inayohitaji kurekebishwa. Cheti kitafuata, kikithibitisha kitu ambacho mikono tayari inakijua.

Kwani tunawaambia watu wasiende shule? La. Ukitaka kazi ya serikali au ya benki utaulizwa karatasi, na diploma inayotambulika au digrii ina milango yake ambayo hatuwezi kuidharau. Tunazungumzia zile kozi fupi za "paketi", ambako mwanafunzi hufundishwa kuandika barua kwa Word na kupanga majina kwa Excel, kisha anaambiwa sasa yeye ni mtu wa IT. Kujua Word na Excel ni vizuri, kila mtu angepaswa kujua. Lakini ni kama kujua kuendesha gari halafu ujiite mekanika.

Mfano mzuri wa kujifunza kwa mikono hatuhitaji kuutafuta mbali. Hadi mwaka 2009, ukifungua ramani za mtandaoni, Kibera ilikuwa karibu tupu. Watu wamejaa, maduka yamejaa, lakini kwenye ramani ni eneo lisilo na kitu. (Jina lenyewe Kibra, kwa Kinubi, maana yake ni msitu, na mtu akitazama zile ramani angedhani msitu bado upo.) Mwaka huo ukaanza mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Vijana wa vijiji vya hapa hapa walipewa vifaa vya GPS, wakapita vichochoro wakiweka alama: bomba la maji liko wapi, choo kiko wapi, zahanati, shule, kanisa, msikiti. Kisha wakaingiza yote kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Baadaye ikaja Voice of Kibera, iliyotumia programu ya Ushahidi, ile iliyozaliwa Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na ikaja Kibera News Network kwa upande wa video.

Hebu fikiria walichojifunza hapo. Kukusanya data, kuisafisha, kuiingiza kwenye hifadhidata inayotumiwa na watu wengine, na kurekebisha makosa mbele ya macho ya dunia. Hakuna aliyewaambia wakariri maana ya "data" kwanza. Walihitaji kujua kwa sababu bomba la maji lilikuwa pale na halikuwa kwenye ramani. Jambo jingine tunalolipenda zaidi ni kwamba kila badiliko kwenye OpenStreetMap hubaki na tarehe na jina la akaunti iliyolifanya. Mtu akikuuliza, "Umefanya nini wewe?", unafungua simu unamwonyesha. Hilo hata leo lipo wazi kwa yeyote mwenye simu na data kidogo, na ni bure.

Upande wa mitandao pia kuna mfano. Tunapanda Institute, iliyo Kibera, imekuwa ikifundisha vijana teknolojia, na kutoka kwake ulizaliwa TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa antena zilizowekwa juu ya majengo. Mtu akishapanda paa kuelekeza antena, akapitisha kebo, akapima mawimbi, halafu mvua ikanyesha akalazimika kurudi juu kuona ni nini kimeingia maji, huyo ukimuuliza mtandao ni nini atakuambia bila kufungua daftari.

Sasa turudi Ayany, kwa mtu ambaye hana mradi wala mfadhili.

Anza na ploti unayoishi. Fleti nyingi za huku siku hizi zina intaneti ya kebo, na nyumba kadhaa huchangia laini moja. Matatizo ni yale yale: ruta imewekwa nyuma ya kabati la chuma, nenosiri la ruta ni lile lile lililotoka nalo kiwandani, mtoto wa ghorofa ya tatu anapakua filamu usiku mzima na wote wanalia. Hizo ni shida za mhandisi wa mitandao, ni vile tu ziko kwa korido. Nunua kifaa cha kubana kebo, vichwa kadhaa vya RJ45 na mita chache za kebo pale Luthuli Avenue. Mara nyingi gharama yake haifikii karo ya mwezi mmoja. Jifunze mpangilio wa rangi hadi uuone ukifunga macho: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kebo ya kwanza haitafanya kazi. Ya tano itafanya. Jua kwamba kebo ya kawaida ya mtandao haifai kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na utakuwa umewapita baadhi ya watu wanaolipwa kuivuta kutoka ploti moja hadi nyingine.

Usiku, ukiwa na kompyuta, kuna Packet Tracer ya Cisco, programu ya kujengea mitandao ya kuigiza, pamoja na kozi kadhaa za Cisco Networking Academy ambazo hazilipishwi. Wanaotaka kuandika programu wana freeCodeCamp, nayo bure. Bure hizi zina ugumu wake, hatutaki kudanganya. Sehemu kubwa iko kwa Kiingereza, zinakula data, na hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini jana hukusoma. Ndiyo maana tunasema usisome peke yako. Tafuteni watu watatu au wanne, mchange data kama vile mnavyochanga kwa chama, mkutane siku moja kwa wiki mahali penye stima ya uhakika. Wasio na laptopu waanze na maktaba ya umma ya KNLS iliyo Kibera, au wapatane na mwenye saiba kwa zile saa ambazo wateja ni wachache.

Tukitaja saiba, tuna neno. Watu huidharau sana kazi ya kukaa saiba. Ati ni ya kuprintia watu na kuwapigia picha za pasipoti. Lakini angalia anayekaa pale anafanya nini kutwa nzima. Mzee amesahau nenosiri la iTax. Msichana anataka kuomba HELB na mtandao unamkatalia. Mtu wa eCitizen amelipa na malipo hayaonekani. Kompyuta namba nne haitaki kuiona printa. Katika kampuni kubwa kuna idara nzima ya kushughulikia mambo kama hayo, na ndiyo mlango ambao watu wengi huingilia IT. Tofauti ni kwamba kampuni huandika kila shida na jinsi ilivyotatuliwa, na saiba haiandiki. Basi andika. Daftari la shilingi 50 linatosha: tarehe, shida, ulichojaribu kwanza, kilichofanya kazi. Baada ya miezi sita una kurasa za kutosha kujibu swali lolote la usaili linaloanza na "Tuambie siku ambayo…"

Tahadhari moja kuhusu hilo daftari. Usiandike ndani yake nenosiri la mteja, namba ya kitambulisho wala PIN. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kabla hata ya sheria kuna aibu. Mtu wa IT anayejulikana mtaani kwamba anakaa na siri za watu hana kazi.

Kuna eneo lingine ambalo, kwa kweli, ndilo letu, na tunashangaa kwa nini vijana wengi hulipita. Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, Wakenya wamelipana kwa simu hadi imekuwa kama kupumua. Lakini mwenye duka anayelipwa kwa simu bado hufunga hesabu kwa kusogeza ujumbe mmoja mmoja kwa kidole. Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango ambao programu ya mtu yeyote inaweza kupitia kuzungumza na M-Pesa. Kuna uwanja wa majaribio usiolipishwa, ambapo unajiandikisha, unapewa funguo za kujaribia, na unajenga bila kugusa pesa ya mtu.

Kazi ya kwanza ambayo karibu kila mtu hujaribu ni ule ujumbe unaoibuka kwenye simu ya mteja ukimwambia aweke PIN. Kuutuma si kazi kubwa. Video za kukuonyesha zimejaa. Kazi iko kwa kinachofuata. Programu yako ikituma ombi, jibu la kwanza linakuambia tu kwamba ombi limepokelewa. Hilo halimaanishi umelipwa. Jibu la pili, linalorudi kwenye seva yako baadaye kidogo, ndilo lenye habari. Namba 0 ni kwamba pesa imeingia. Namba 1, mteja hana salio la kutosha. 1032, mteja ameghairi. 1037, simu yake haikupatikana au alikawia kujibu. Anayejifunza kwa kunakili video huchukua lile jibu la kwanza na kuandika "Umelipa, asante". Mwenye duka akiitumia programu hiyo, kufikia jioni ametoa unga ambao haukulipiwa. Na ikiwa jibu la pili limechelewa je? Likija mara mbili je? Mteja akibonyeza mara tatu kwa hasira je?

Ukiweza kujibu hayo maswali kwa programu yako mwenyewe, hata kama ni ndogo na haina sura, unajua kitu ambacho kampuni za malipo zinakihitaji kila siku. Tunasema hivyo tukiwa ndani ya sekta hii. Na hapo hapo tuseme jambo ambalo linatuudhi: matangazo ya kazi ya ngazi ya kwanza yanayodai uzoefu wa miaka mitatu. Ngong Road, ambako iHub ilifunguliwa mwaka 2010 na kampuni nyingi za teknolojia zikafuata, ni mwendo wa miguu kutoka Ayany. Mtu anaweza kupita chini ya madirisha hayo kila asubuhi akienda mjengo na asiwahi kuingia ndani. Maombi ya kazi ya kwanza yangefaa kuuliza "tuonyeshe kitu ulichojenga na utuambie kilivunjikia wapi", kisha digrii ihesabiwe kama nyongeza kwa kazi zile ambazo sheria haiidai.

Ukishaanza kupata kazi ndogo, hata za shilingi 200, tenganisha pesa ya kazi na pesa ya unga. Chukua namba ya till au laini nyingine ya kazi peke yake, ila uliza ada zake kabla hujajiandikisha. Sababu ya kwanza unaijua, ni hesabu. Sababu ya pili hufikiriwa na wachache. Baada ya miezi sita unaweza kuomba taarifa ya malipo, na taarifa hiyo inaonyesha kwamba watu wamekulipa kwa kazi, mwezi baada ya mwezi, wengine wakirudi mara ya pili. Kijana asiye na barua ya mwajiri hana ushahidi mwingine wenye nguvu kama huo, awe anaongea na sacco kuhusu mkopo wa laptopu au na meneja anayemuuliza amefanya kazi wapi. Ficha majina na namba za wateja kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Na ukitaka zoezi la Excel lenye faida, ingiza taarifa hiyo kwenye jedwali uone ni kazi gani inakulipa na ni ipi inakupotezea siku. Hapo sasa Excel inakuwa ujuzi.

Kazi ya bure ina mahali pake, lakini iwekee mwisho. Ruta ya shangazi, bure. Ya jirani, akulipie kebo na nauli. Ya tatu ina bei, na bei uitaje kabla ya kufungua mkoba. Tumeona ofisi zinazomweka kijana mwaka mzima kwa jina la atachimenti, anabeba printa kutoka chumba hadi chumba, hata nauli halipwi. Miezi mitatu inatosha kujua kama mahali pana mtu anayekufundisha.

Laptopu nayo isikutie kwenye deni la kukunyima usingizi. Zile za mtumba kutoka Ulaya, zinazouzwa kando ya Moi Avenue, zinatosha kuanzia. Afadhali iwe kuukuu yenye diski ya SSD na RAM ya gigabaiti 8 kuliko mpya inayong'aa yenye gigabaiti 4. Iwashe pale dukani, ikae nusu saa bila chaja, jaribu kila kitufe. Kubadilisha diski na RAM mwenyewe ndiyo somo lako la kwanza la maunzi, kwa hiyo hata ubovu wake una faida.

Na ikiwa baada ya haya yote bado umeamua kulipia kozi, sawa, lipa kama mteja mwenye macho. Angalia kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi. Ingia darasani wakati wa kipindi, uhesabu kompyuta zinazowaka na wanafunzi wanaozishika. Ikiwa wanaandika madokezo ubaoni kuhusu sehemu za kompyuta, toka. Omba kulipa kwa awamu. Lipa kwa Paybill au till yenye jina la chuo, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa ni la mtu, uliza ni kwa nini. Ujumbe wa malipo uuhifadhi hadi siku ya kuchukua cheti, na udai risiti hata hivyo.

Yule anayekupigia akisema kazi ya IT ipo Westlands, umeshachaguliwa, ila utume kwanza 1,500 ya usajili au ya "matibabu ya kikazi", usimtumie hata shilingi. Kwa M-Pesa, ujumbe wa pesa iliyotumwa kimakosa hupelekwa kwa 456, na utaratibu huo ni wa mtu aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba, ulidanganywa, na yule mtu huwa ameshatoa pesa kwa wakala kabla hujamaliza kuandika. Hapo utapiga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, kisha uende kituo cha polisi ukiwa na ule ujumbe kwenye simu, uandikishe na upewe namba ya OB.